Plagi za Nzega, Reli ya Tura

Gari lilizimika magurudumu ya mbele yameshavuka reli, ya nyuma bado. Mchana kweupe, kwenye kivuko kisicho na mlinzi wala kizuizi, Tura inaonekana kwa macho. Nikapiga stata. Likakohoa, likanyamaza. Mama alikuwa upande wa mlango usiofunguka kwa ndani. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo si honi ya treni?"

Ngoja nianze tulikotoka.

Tulitoka Igunga kwa sababu ya macho ya mama. Mtoto wa jicho ameshamla upande mmoja, na wa pili umeanza ukungu. "Nipeleke Tura nikamwone Nyamizi," alisema, "maana sauti yake naijua, nataka uso." Nyamizi ni mdogo wake wa mwisho. Nikamwambia tupande basi. Akakataa katakata. Alitaka Landrova ya marehemu baba, ileile iliyomtoa Tura akiwa bibi harusi. "Ilinileta, na inirudishe."

Mimi shule niliishia la nne, lakini gari lile nilifundishwa na baba. Zaidi ya yote alinifundisha plagi. Plagi ina kidole cha chuma kilichopinda juu ya kichwa chake, na cheche inaruka hapo katikati. Ukikibana mno, masizi yanaziba. Ukikiachia mno, cheche inashindwa kuruka, hasa injini ikipata moto na gari linapanda. Landrova ile ilitaka mwanya wa unene wa kipande cha msumeno wa chuma. Kiingie kwa kusugua kidogo, baba alisema, kama mkono unavyoingia kwenye shati jipya. Kipande chenyewe mama alikifunga kwenye kitambaa cha kanga, kwa fundo lake ambalo mimi mpaka leo nalifungua kwa meno.

Kabla ya Nzega likaanza kupiga chafya. Nikaingia gereji ya Kulwa na Dotto, mapacha wanaotengeneza mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Mama alikuwa hajala, jua kali. Nikampa mmoja wao kile kitambaa, nikamweleza asafishe plagi na apime mwanya kwa kipande kilichomo.

Akacheka. "Mzee, na msumeno? Hii ya enzi za mkoloni!"

"Na gari ni la enzi hizo. Pima."

Tuliporudi kutoka kula wali, boneti imeshafungwa.

"Umepima?"

"Haki ya Mungu, kaka. Na nimekuongezea moto, utaruka kama swala!"

Akanirudishia kitambaa, nikakitupa chini ya kiti. Gari likawaka vizuri, sina la kusema.

Tabora tulilala kwa Bi Zuhura, mshona kofia, ambaye baba alikuwa akimletea asali. Alitoka nje akalipiga gari kofi la mapenzi. "Bado unatembea, wewe? Mimi magoti yameshanikataa!" Mama akamjibu, "Lenyewe lina fundi, wewe una nani?" Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Asubuhi tukashika njia ya mashariki, ile ya misafara ya zamani. Mama alinisimulia jinsi babu yake alivyoipita na pembe ya ndovu begani hadi pwani, akarudi na nguo moja na nyimbo nyingi. Aliziimba. Sijawahi kumwona mama amefurahi vile. Kila kilima gari lilikuwa linakatakata, nikadhani ni mafuta machafu.

Halafu tuta la reli, na gari likazimika pale juu.

Nilizunguka, nikafungua mlango, nikamvuta mama kama gunia. Tukaanguka kwenye kokoto, kifundo cha mkono wake kikavunjika, nilikisikia. Dereva wa treni alikuwa ameshashika breki, lakini mabehewa ya mizigo hayasimami kama baiskeli. Treni ikaligonga gari kwa nyuma, ikalitupa mtaroni.

Nyamizi alikuja mbio. "Dada! Tangu utoto huwezi kufika mahali bila kelele?" Mama akamshika uso kwa mkono mmoja mzima, akautazama muda mrefu. "Umezeeka vibaya," akasema. Wakalia wote wawili.

Mimi nikarudi mtaroni. Mbele ya gari palikuwa pazima. Nikafungua plagi, nikatafuta kitambaa. Fundo la mama lilikuwa palepale, halijaguswa. Nikalifungua kwa meno, nikakivunja kipande katikati, nikavibananisha vipande viwili. Vikaingia vyote pamoja kwenye mwanya, na bado vinacheza. Plagi zote nne zimeachiwa mno.

Tulirudi kwa treni, kwenye reli ileile, mkono wa mama umefungwa plasta. Alikaa dirishani upande wa mtaro. Mimi sikumwonyesha gari.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuapa kwa Mungu huku kitambaa hajakifungua. Nimepiga simu Nzega. Kulwa anasema siku ile alikuwepo Dotto. Dotto anasema alikuwepo Kulwa. Mnafanana sura, sawa, lakini aliyeapa ni mmoja na anajijua. Basi njooni Igunga wote wawili. Mama bado ana jicho moja linaloona kidogo. Kaeni mbele yake, na mmoja wenu amwambie kwa mdomo wake: plagi za gari la mume wake alizipima kwa kitu gani?