Somoe aliyetufundisha bowling, na Jumatatu alizonificha

Vidole vinagoma kuandika "marehemu Somoe". Nimeandika na kufuta mara tatu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Kwa msiomjua, Somoe ndiye aliyeleta bowling hapa Nachingwea, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito uangushe pini. Alifanya kazi miaka mingi kwenye ukumbi wa bowling Dar. Alianza kwa kugawa viatu kwa wateja, akamalizia kuwafundisha wanaoanza.

Ukumbi ulipofungwa, mwenye ukumbi alimwachia mipira tisa iliyochakaa na seti ya pini. Akarudi nayo nyumbani juu ya lori la mizigo, amekaa mbele na dereva kama bibi harusi.

Mimi niko ofisi ya ghala la korosho. Nilimwombea kwa bosi banda lililokuwa tupu. Fundi seremala wa Naipingo akapiga randa mbao, tukapata njia moja ya kuchezea. Nta tulisugua wenyewe, mimi na yeye, mpaka magoti yakachubuka.

Ligi ikawa kila Alhamisi baada ya kazi. Manesi, walimu, bodaboda, wakulima wa ufuta. Jamani, hatukuja kujifunza. Tulikuja kutupa mpira na kucheka.

Somoe hakukubali. Kabla ya mchezo, darasa nusu saa. Watu walinuna, yeye akaendelea kuongea.

Alitukataza kukodolea macho pini. Alichora mishale kwenye mbao, hatua chache mbele ya mchezaji, akasema tulenge hapo, maana ukikosea karibu, kule mbali utakosea zaidi.

Alitufundisha kuwa ukiangusha pini zote kwa mpira wa kwanza, yaani strike, usikimbilie kujumlisha. Mipira miwili inayofuata nayo inahesabiwa humo. Bodaboda mmoja alimbishia wiki tatu. Ya nne, yeye ndiye akawa mwandishi wa matokeo.

Mimi nilikuwa nakunja kiwiko. Alisimama nyuma yangu, akanishika mkono, akaniambia niuache uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani. Tumejuana tangu darasa la kwanza. Ni yeye tu angeweza kunifundisha kitu nisikasirike.

Kisha Ruangwa nao wakaunda timu. Walikuja na gari la Noah, wakarusha mpira kama wanafukuza nyani shambani, tukawafunga, wakaondoka wakicheka. Ikawa hivyo mara nyingi.

Mpaka fainali. Siku hiyo walitufunga kwenye njia yetu wenyewe, mbele ya watu wetu.

Walikuwa wanatazama mishale. Mikono imenyooka, imetulia. Mpira wa kwanza ukiacha pini mbili, hawapaniki, wanasogea kidogo pembeni na kuzimalizia. Niliutambua ule mkono. Kila mmoja wao alikuwa na mkono wa Somoe.

Nilimuuliza palepale. Hakukana. Kila Jumatatu alikuwa anawafundisha huko Ruangwa, kwenye kiwanja cha shule, juu ya udongo uliosawazishwa, na mipira yetu miwili. Mimi alikuwa ananiambia Jumatatu anakwenda Likunja kumwona mama yake.

"Mama Sauda, mimi nafundisha bowling," alisema. "Sifundishi Nachingwea."

Nilifika nyumbani nikaandika neno moja kwenye group la ligi. Msaliti. Sikutaja jina, lakini kila mtu alijua. Yeye alilisoma. Alhamisi iliyofuata akafundisha kama kawaida, naambiwa. Mimi sikuwepo. Sikukanyaga lile banda miezi mitano.

Jumamosi iliyopita simu ikaita. Alikuwa Mwalimu Hadija, kapteni wa Ruangwa. Akaniambia Somoe amefariki na wanazika alasiri, Likunja.

Nilidhani ajali. Nilipanda bodaboda na nguo za ofisini. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Sikumwona hata uso.

Hadija alinikalisha kwenye mkeka pembeni na kunieleza taratibu. Ilikuwa saratani ya titi, zaidi ya mwaka. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kliniki Ruangwa. Hadija ndiye alikuwa anamsindikiza. Mchana akipata nguvu kidogo, anaomba apelekwe kiwanjani. Alikuwa anamwandaa Hadija kufundisha, kwa sababu alishajua hatakuwepo.

"Mimi kwa nini hakuniambia?"

Hadija aliinamisha kichwa. "Alisema ungeifunga ligi ukae umuuguze."

Ndiyo, ningeifunga! Ningempikia uji, ningemfulia, ningemfunga vidonda. Hiyo ilikuwa haki yangu, na alimpa mtu wa timu pinzani.

Fikiria. Ananiaga kila wiki kwa uongo, usoni, akitabasamu. Nampa salamu ampelekee mama yake, anazipokea. Halafu namwita msaliti mbele ya watu arobaini, naye ananiacha niendelee kuamini ni habari ya mchezo.

Nimejaribu kulifuta lile neno. Muda umepita, linafutika kwenye simu yangu tu.

Jana Alhamisi nilikwenda bandani. Ruangwa wote walikuja. Hadija akasimama mbele akafundisha nusu saa nzima, sauti inamkatika, na hakuna aliyenuna. Yule bodaboda mwandishi aliuliza swali ambalo jibu lake analijua, ili mwalimu apate nafasi ya kufuta machozi. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kurusha sikuweza.

Somoe, watu wananiambia ulinificha kwa upendo. Inawezekana. Lakini uliniamulia, na umeondoka kabla sijakuomba radhi wala wewe hujaniomba.

Kwenye arobaini nitakuja Likunja mapema. Nitateka maji, nitapika, nitaosha masufuria yote, nitakaa miguuni pa mama yako. Nitafanya kila ulichoninyima kukufanyia ukiwa hai, na nitafanya nikiwa na hasira.

Mola akupe usingizi mwema, rafiki yangu. Mimi wangu bado.