Sauti ya Jumapili

Mwalimu wa kwaya hugusa koo kwa vidole viwili kabla ya kusema lolote. Tangu aanzishiwe dawa ya presha, kiungulia humpanda hadi kooni na sauti hukwaruza; basi ikifika Ijumaa haimezi tena, na tembe huishia mfukoni mwa koti. Mkewe, Mideva, huzikuta humo anapolipiga pasi.

“Na presha je, Baba Clare?”

“Presha haisikiki kanisani, Mama Clare. Sauti ndiyo husikika.”

Jumapili, katika kanisa lao la mabati pale Kayole, anaivuta noti ya mwisho bila mkwaruzo hata mmoja. Waumini wamefumba macho. Mideva ameyakodoa yake kwenye mshipa uliotuna shingoni mwa mumewe.

“Rudia, Mwalimu!” waumini wanapaza sauti.

Mwalimu anainua mkono tena.