Upande wa Ndani wa Lango

Mwaka 1999 maneno mawili tu yalimkosanisha papa Edmond na mtaa wetu wote mjini Butembo. Alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, mtu wa herufi nyoofu na mdomo mzito. Siku moja alichukua rangi nyekundu iliyobaki kazini, akaandika kwenye ukuta wa nyumba yake: VITA HAPANA.

Wakati huo askari wa nchi jirani walikuwa wamepiga kambi karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, na maudhi yao yalikuwa yametufika kooni. Vijana walikuwa wakienda msituni kujiunga na wapiganaji wa Mai-Mai. Aliyewakusanya ni Apollinaire, mtoto wa dada yake Edmond. Alikuja akasimama mbele ya ule ukuta, nasi tukimsikiliza.

"Mujomba, bale njo balituingilia. Ukisema vita hapana, donc unasema babakie hapa?"

"Nasema barudi kwabo," Edmond akajibu. "Na weye usikufe."

Hatukumwelewa. Sitajificha: mimi jirani yake ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwita kibaraka, tena mbele ya mkewe, Joyeuse. Tangu siku hiyo unga wa Joyeuse ukadoda sokoni, na mabango yakapelekwa kwa fundi mwingine, ambaye hata S aliiandika kinyume.

Kisha kamanda wa wale askari akapita, akayaona maandishi, akayapenda mno. Akamwagiza Edmond ayaandike kwenye lango la kambi ili watu wa mji wayasome. Edmond akabeba brashi na kopo, akaenda. Tukasema, si mnaona?

Yaliyotokea huko tulisimuliwa na Tamar, aliyekuwa akiwauzia askari chai. Edmond aliingia, akalifunga lango, akaandika upande wa ndani, pale askari wanapopaona kila wakitoka na bunduki.

"Nilisema nje," kamanda akamwambia.

"Ba inje tulishasoma. Benye kutoka na bunduki ni ba humu ndani."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Walimvunja mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki.

Nilikwenda kumpa pole na mkungu wa ndizi, aibu imenijaa. Joyeuse alizipokea, akanipa kiti. Ningekuwa yeye, nisingempa kiti mtu kama mimi.

Mara Apollinaire akaingia, macho mekundu. "Mujomba, sasa umeona. Tupatie baraka, leo tunaenda kulipiza huo mukono."

Edmond alitoka nje, akashika brashi kwa mkono wa kushoto, akaanza kuzipitia upya herufi zilizofifishwa na mvua. Zilikwenda upogo kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Mais bado unaandika tu?"

"Ba kule kambi balishasoma," Edmond akasema bila kugeuka. "Njo weye unabakia kusoma."

Sijaona mtu jasiri kama yule. Nilimshikia kopo mpaka herufi ya mwisho, na Apollinaire alikuwa bado amesimama pale.