Paji la Uso la Susu

Nilishuka basi mjini Kambu, Ukambani, Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mazishi ya nyanya yangu, Susu kama tunavyosema kwa Kikamba, nikafika nyumbani na kupewa kijitabu cha ratiba langoni. Kwenye jalada palikuwa na picha ya bibi mmoja laini, mweupe kidogo, anatabasamu kama anayetangaza sabuni. Nikamuuliza jirani aliyenipa, "Huyu ni nani?" Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Si ni Susu?"

Hapana, rafiki yangu. Huyo hakuwa Susu.

Susu aliyenilea alikuwa na mfereji kwenye paji la uso. Usifikirie makunyanzi. Mfupa wenyewe ulikuwa umebonyea, umechimbwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao akina nyanya wa kwetu waliupitisha kichwani kubebea mzigo mgongoni. Ulipopita juu ya masikio, nywele zilikuwa zimekataa kuota. Shingo yake ilitangulia mbele hata akiwa ameketi. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia kwa sababu ya moshi wa jikoni, na meno yake yalikuwa ya rangi ya chai, kama yetu sote tuliokunywa maji ya upande ule.

Hatukuwa na punda. Kila alfajiri ya kiangazi alishuka mtoni, akafukua mchanga mpaka maji yajikusanye, akayachota kwa kata, kisha akapanda ukingo na mtungi mgongoni. Tulimsikia kabla ya kumwona, maji yakigonga plastiki ya mtungi naye akihema. Maji hayo yalipika muthokoi wetu, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, yakafua sare zetu za shule, na mabaki wakanywa mbuzi. Tukicheza karibu na mtungi alifoka, "Atakayemwaga atashuka mtoni mwenyewe!" Mimi nilisoma mpaka chuo bila alama yoyote kwenye paji la uso, kwa sababu alama zote alizichukua yeye.

Nilimtafuta mpwa wangu, ambaye ndiye mtu wa picha katika familia yetu. Nilimkuta akifunga spika.

"Ni mimi nili-edit, aunty," akasema, tena kwa fahari. "Nilimtoa hizo alama. Alikuwa anakaa kama mtu ameteseka."

"Aliteseka! Kwani ulidhani hayo maji yalikuwa yanakuja na bomba?"

"Pole, aunty. Lakini watu wameipenda."

Nikamwomba picha ya awali. Alikuwa ameifuta, simu ilijaa. Picha nyingine pekee ilikuwa kwenye kitambulisho, na hicho chifu alikuwa amekichukua alipotoa kibali cha mazishi. Nikaanza kumfokea. Mama akanishika mkono, akaniambia ninyamaze, watu wa kanisa wameanza kufika.

Siku hizi kuna kioski cha maji karibu na barabara, na nashukuru kwamba hakuna msichana atakayebonyea kichwa tena. Kinachonichoma ni kwamba tulimwacha abebe miaka yote hiyo, kisha tukaona haya kwa sura aliyoipata akitubebea. Mama ameitia ile picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Juzi binti yangu alisimama mbele yake akasema, "Mum, Susu alikuwa mrembo."

"Alikuwa," nikamwambia. "Lakini huyo simjui."