Unga wa Ulezi Uliorudi Kasesya

Isdori wa Izia, Sumbawanga, anaishi ng'ambo. Majirani hulitamka neno hilo kwa heshima, ingawa ng'ambo yenyewe ni Mbala, Zambia, na ukitoka Sumbawanga asubuhi ukapita mpakani Kasesya bila usumbufu, chakula cha mchana unakila huko. Anauza spea za baiskeli. Ameoa huko, na ana mtoto wa kike ambaye wazazi wa Isdori, mzee Beda na mama Bertilla, walikuwa wakimfahamu kwa picha ya simu tu.

Mwaka jana, mahindi yalipokwisha kuingia ghalani, mama Bertilla alitangaza kuwa anakwenda kumpakata mjukuu wake kabla yeye hajafa. Alisaga ulezi wa shamba lake, akautia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, uwe uji wa mtoto.

Isdori aliwapokea vizuri mno, jambo ambalo lilitosha kuwashtua. Aliwapangia gesti, akieleza kuwa nyumba yake inapakwa rangi na harufu ingemsumbua baba kifua. Mke na mtoto walikuwa kwa wakwe, wangerudi kesho. Kesho ilipofika, akawapeleka Mpulungu kulitazama Ziwa Tanganyika, ambalo mzee Beda alilizoea tangu ujana kwa kufuata dagaa Kasanga, upande wa kwao. Wakwe hawakuchoka kukaa na wageni wao, kwa hiyo siku iliyofuata ilikuwa maporomoko ya Kalambo. Beda alisimama ukingoni, akatazama upande wa pili wa korongo, akauliza ile ni nchi gani. Akaambiwa ni Tanzania.

"Kumbe tumekata pasi tuje kupatazama nyumbani," alisema, akaomba apigwe picha.

Bertilla hakutaka picha. Alikuwa ameikumbatia ndoo.

Ukweli ni kwamba mke alikuwa nyumbani muda wote, na kuta zilikuwa na rangi ileile ya zamani. Ila Sumbawanga, kwa sifa yake ya uchawi, ikitajwa, watu wengi huangalia juu kama kuna wingu la radi, na Isdori, wakati wa kuchumbia, aliona ni nafuu kuwaambia wakwe kuwa yeye ni yatima wa Mbeya.

Siku ya kuondoka, wakiwa stendi wakisubiri gari la Kasesya, Lydia, mke wa Isdori, akatokea akitoka kliniki, mtoto mgongoni. Akawasalimia wazee kwa kupiga magoti, akamuuliza mumewe ni akina nani.

"Wateja wangu," alisema Isdori.

Lydia alisema kwa Kimambwe, ambacho Mfipa wa Sumbawanga hahitaji mkalimani kukielewa. Aliuliza wateja wametoka wapi. Bertilla, ambaye hakuna aliyemfundisha kulificha hilo, akajibu Sumbawanga. Lydia akavuta kanga ikamfunika mtoto mpaka kichwani.

"Anaitwa nani?" Bertilla aliuliza.

"Bertilla. Ni jina la marehemu mama yake Isdori."

Lazima isemwe: Isdori si mtu asiye na moyo. Mama alimuua, lakini jina alilitunza.

Beda alifungua kinywa. Mkewe akamshika mkono, naye akakifunga.

"Mungu ampumzishe," alisema Bertilla, akainyanyua ndoo. "Mpikie uji, mwanangu."

Lydia alishukuru sana, mikono ikiwa nyuma, akasema mtoto amezoea unga wa dukani.

Isdori aliwasindikiza mpaka Kasesya, akawabebea mizigo hadi dirishani. Kijana wa forodha aliikumbuka ndoo. Alimuuliza mama mbona unga umekwenda na unarudi.

"Tulikuta msiba."

Kijana akavua kofia, akauliza amefariki nani. Bertilla alimwonyesha Isdori kwa kidevu.

"Mama yake huyu."

Kijana akatoa mkono kupitia dirishani, akaushika wa Isdori kwa muda mrefu, kama inavyotakiwa.

"Pole sana, kaka."

Bertilla alikuwa akimtazama mwanawe, akisubiri kama wengine.

"Nimeshapoa," alisema Isdori.