Felista na Salamu ya Makofi

"Mama Shukuru, hivi watu wa kwenu watakwisha lini kuja?"

Hidaya alimuuliza Felista hivyo wakiwa bombani, ndoo zao ziko foleni. Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mtu anavyouliza mvua itakatika lini. Felista akacheka kidogo, akajitwisha ndoo yake, akasema, "Uliza treni, jirani. Mimi nilishuka zamani." Lakini swali lile alirudi nalo nyumbani, na jioni yake likamkatisha rozari.

Felista alikuwa Muha wa Kasulu, mkoani Kigoma. Alikuja upande huu wa Morogoro na mumewe Kasimiri, mkata miwa katika shamba kubwa. Mashamba na viwanda vilipoanza kuuzwa, wakata miwa wakaachishwa kazi, Kasimiri akamhamishia Mlali, chini ya milima, wakawa vibarua wa nyanya. Hapohapo Mlali Kasimiri alifia, na hapo alizikwa, Mungu amrehemu.

Miaka ya mwanzo nyumba za Waha zilikuwa mbili tatu, na watu waliwafurahia. Muha akikutana na mkubwa wake huinama, hupiga makofi polepole, huku akimuulizia hali yake, na wazee, na mifugo, na mashamba, hata kikohozi cha mtoto hakisahauliki. Watoto wa Kiluguru walikuwa wakimwiga Felista njiani, wanampigia makofi na kuchekacheka, naye anawaitikia kwa heshima zote kama watu wazima.

Kisha wakata miwa wengine wakafuata. Wengine wakaja moja kwa moja kutoka kwao. Upande wa mtoni ukaitwa Kigoma. Nyanya ziliibwa kama zilivyokuwa zikiibwa tangu zamani, ila sasa mwizi alikuwa na kabila. "Treni ikifika Morogoro inatapika Waha," vijana walisema. Sungusungu wakaundwa, na doria yao ikawa inaanzia Kigoma na kuishia hukohuko Kigoma. Makofi yaleyale yaliyochekesha watoto yakaanza kutisha wakubwa. Watu wakanong'ona, "Wanaitana hao. Wanapeana ishara."

Felista akawaonya wenzake wasalimiane ndani. Yeye mwenyewe, akikutana na mzee wa kwao njiani, alikunja mikono kifuani, akatoa shikamoo kavu, kisha akaona haya njia nzima.

Ndipo akaja kaka yake Yeremia. Hawakuwa wameonana tangu Felista aolewe. Mchana kweupe akatokea barabarani, dumu la mawese mkononi, mvi kichwa kizima. Felista akasahau onyo lake. Akapiga magoti vumbini, akapiga makofi. Yeremia akatua dumu, akaitikia kwa makofi naye. Hawajafika hata kwenye habari za wazee, filimbi ikalia.

"Oya mzee, mikono juu! Wenzako wako wapi?"

Yeremia hakuzoea Kiswahili, akachelewa kujibu. Fimbo ikamshukia kiganjani. Wakamkokota hadi ofisi ya kijiji, wakisema huyo ni Mrundi, kesho anapelekwa uhamiaji.

Felista alikimbilia kwa Hidaya, maana kamanda wa sungusungu, Abdulmajid, alikuwa mdogo wake Hidaya.

"Jirani, twende ukanisemee."

Hidaya alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho. "Mimi niingilie mambo ya sungusungu?" Akapepeta tena kidogo. Kisha akaweka ungo chini, akajitanda kanga.

Ofisini Yeremia alikuwa amekalishwa sakafuni. Abdulmajid akamgeukia Felista. "Mlikuwa mnapeana ishara gani?"

"Salamu, baba."

"Salamu ya makofi? Kwani amecheza ngoma?" Vijana wakacheka.

Hidaya hakucheka. "Abdulmajid. Mama yetu alipofariki, huyu alipiga magoti mlangoni, akatupigia makofi hivihivi. Wewe ndiye uliyemshika mkono kumwinua, unalia. Siku ile ilikuwa ishara ya nini?"

Abdulmajid akatazama mlango.

"Siku zile walikuwa wachache, dada," akasema hatimaye.

"Wamekuwa wengi, sikatai. Hata mimi wananitia hofu. Lakini yule ni kaka yake."

Abdulmajid akavuta pumzi. "Haya, mzee aende. Ila hayo makofi mkapigie ndani, mama. Watu wanaogopa. Una neno lingine?"

Felista alimsaidia kaka yake kusimama. Kiganja cha Yeremia kilikuwa kimevimba, hakikunjiki. Felista angeweza kushukuru akaondoka naye, na mambo yakaisha. Alimfikiria Kasimiri aliyelala kwenye udongo wa hapohapo Mlali, akajiuliza kama naye atalala hapo akiwa bado amekunja mikono.

"Ninalo, baba," alisema. "Sijamaliza kumwamkia kaka yangu. Naomba nikammalizie palepale barabarani, nanyi mkiwepo."