Sifuri Niliyoiandika Ntobeye

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "utafiti umethibitisha," naangalia chini. Mimi niliwahi kuthibitisha.

Nilikuwa mwanafunzi wa saikolojia chuo kikuu, na vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto. Kila mmoja wetu alitakiwa aandike nadharia tete moja, yaani dai ambalo bado hujui kama ni kweli, kisha aende akalipime kwa watu. Mwalimu wetu alisisitiza mpaka akatuchosha: dai liandikwe wazi kiasi kwamba linaweza kushindwa, na likishindwa, useme limeshindwa. Niliyanakili hayo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana.

Dai langu lilikuwa hili: watoto ambao baba zao wako vitani hukumbuka maneno machache kuliko wenzao. Nililipenda kama mzazi anavyompenda kifungua mimba. Nikalipeleka Ntobeye, kwenye shule ya kijiji cha ujamaa, kwa kuwa wanaume wengi wa mgambo walikuwa wameondoka pale. Nilimsomea kila mtoto maneno kumi na mawili, jembe, kikapu, mvua, mgomba na mengineyo, kisha nikamtaka ayarudie.

Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye baba yake alikuwa mpakani, alisimama mbele yangu mikono nyuma.

"Haya, yarudie."

"Sijui."

"Hata moja?"

"Sijui, mwalimu."

Nikaandika sifuri. Wengine wenye baba vitani walitaja mawili, matatu, au wakasema sijui kama yeye. Wale ambao baba zao walikuwa nyumbani walitiririka tu. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mchana ule watoto walikwenda kupalilia shamba la shule. Nikipita kando ya maharage, nikasikia mtu ananiiga, sauti yangu na lafudhi yangu ya Biharamulo. Alikuwa yule binti. Aliyataja maneno yote kumi na mawili kwa mpangilio, bila kukwama, wenzake wakivunjika mbavu kwa kicheko.

Nikaelewa papo hapo, maana hata mimi nililelewa hivyo. Kwetu Nemba, kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, alikuja kwanza mtu mwenye karatasi, akauliza maswali kwa upole. Baadaye nyumba yetu ikabomolewa. Tangu hapo mama alituonya: mgeni mwenye karatasi akikuuliza jambo na baba hayupo, jibu ni sijui. Nyumba isiyo na baba haina wa kuitetea. Watoto wale hawakuwa wamesahau kitu. Walikuwa wanalinda nyumba zao, na safari hii mtu mwenye karatasi nilikuwa mimi.

Dai lilikuwa limeanguka, kilichobaki ni kusema tu. Nikaitazama ile sifuri, nikaiacha pale pale.

Kesho yake mwalimu mkuu akanifuata. "Msomi wetu, hebu nipe hayo matokeo. Napanga nani arudie darasa." Ningeweza kumwambia hayafai. Nilimpa, tena nikamsomea majina kwa sauti, la yule binti likiwa la kwanza.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha mpaka kwenye shahada. Yule binti alirudishwa nyuma mwaka mzima, na nilikuja kusikia kwamba mama yake alimtoa shule kabisa, kwamba kama hana kichwa basi ashike jembe. Nilipoambiwa hivyo nilisema "pole yake," nikaendelea kula. Naona aibu hata kuandika kwamba niliendelea kula.

Miaka ikapita. Siku moja sokoni Kasulo nikasimama mbele ya mwanamke anayeuza maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, na hapo hapo nikamtambua. Nilitamani awe hajanitambua.

Hakunigombeza. Alipima maharage yangu, akayafunga, na huku akifunga akaanza taratibu: jembe, kikapu, mvua, mgomba... Hakuruka hata moja. Alipomaliza akanitazama usoni.

"Ni mangapi hayo?"

"Kumi na mawili."

"Haya," akasema, akinikabidhi furushi langu. "Kaandike."